Mvua Iliyofutwa Kwenye Kaseti

Ukitoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma na Gisenyi, ukapanda na barabara ya vumbi, kabla hujafika msikitini utaona benchi refu limeegemea ukuta wa chumba cha video. Hicho ndicho kijiwe chetu. Upande mmoja nimetundika kioo changu kwenye msumari, maana mimi ni kinyozi na wananiita Kiwembe. Upande wa pili Saidati anaweka jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi. Katikati wanakaa watu waliowaaga wake zao kwamba wanakwenda kutafuta maisha. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 1999, mvua imetupa kisogo, vumbi limekaa hadi kwenye kope, na sisi tukamaliza alasiri nzima tunabishania mvua. Tena si ya mbinguni. Mvua ya katuni.

Nilikuwa namnyoa Douane, yaani Forodha. Jina lake la nyumbani ni Jado. Anawajazia wafanyabiashara karatasi za mpakani, na kwa kazi hiyo anaongea kama vile mpaka ni wa baba yake. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha pale Ciné alipotoka chumbani na boksi la kaseti, analifuta kwa mkono wa shati. Ciné ni Siméon, mwenye video. Alianzia Goma, akavuka nayo kuja Gisenyi, na sauti yake inajulikana pande zote mbili za mpaka, kwa sababu filamu yoyote akiionyesha anasimama pembeni ya televisheni anaisimulia yeye kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Wengine wanasema bora yeye kuliko filamu yenyewe. Mimi ni mmoja wao, ila sijawahi kumwambia, atavimba kichwa nami ndiye nitakayekinyoa.

Ciné: Bon, leo muniheshimu. Hii kaseti mukubwa yangu ametuma toka Bruxelles. Ni ile ile katuni ya muzee wa mukokoteni na punda. Ariko hii bameisafisha.

Douane: Bameisafisha na nini?

Ciné: Soma mwenyewe, si we ndiye mutu wa karatasi.

Douane alilipokea boksi akalisoma kwa sauti ya ofisini. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Yalisema kwamba filamu hii ya zamani imesafishwa picha moja moja, vumbi lote na michubuko yote imeondolewa, na rangi zimerudishwa kama siku ya kwanza.

Tabora: Kama siku ya kwanza. Na nani kati yenu alikuwepo siku ya kwanza?

Huyo ni Mugabo, karani wa komini. Amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Tunamwita Tabora, naye anajifanya hapendi.

Katuni yenyewe sote tulikuwa tunaijua. Mzee mmoja ana mkokoteni na punda, anampeleka mtoto wa kike ng'ambo ya mlima kwa mama yake. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mchawi. Ciné alikuwa ameionyesha tangu Goma, kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa, hadi picha ikawa rangi ya chai. Hii mpya alianza kuionyesha Jumamosi, na watoto wa mtaa wote walikuwa wamekwisha kuiona.

Ciné: Ukiiona utalia. Punda, mi nilijua iko gris kama jivu. Kumbe ni mweupe. Majani ni kijani kama ya kule Rugerero mvua ikiisha. Muzee ana koti ya rouge.

Saidati: Koti jekundu? Lile lilikuwa kama majani makavu.

Ciné: Ni vile kaseti ilikuwa muchafu, mama Saidati.

Saidati: Mimi nilikuwa na mfanyakazi mgeni, akaona birika langu jeusi, akalisugua kwa mchanga likawa jeupe pe. Wateja wakaniuliza kahawa yangu imekuwaje. Hayo ndiyo mambo ya kusafisha.

Tulicheka. Aliyekuwa hacheki ni Phare.

Phare ni Narcisse, baba wa binti mmoja, Ineza; zamani alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Masisi na Goma. Jina tulimpa, maana yake taa ya gari, kwa sababu usiku alikuwa hapunguzi taa kwa mtu yeyote, hata kwa askari. Halafu presha ya macho ikamla jicho moja, kisha la pili, na mwaka aliovuka mpaka kuja huku akawa haoni tena hata jua. Tulitaka kuliacha lile jina kwa huruma. Akakataa, akasema jina si balbu, haliungui. Kila siku anakaa mwisho wa benchi, karibu na jiko, fimbo katikati ya magoti. Siku hiyo kikombe chake kilikuwa kimejaa na kimepoa.

Phare: Ciné, nikuulize kitu. Mule ndani, pale banafika kwa daraja, mvua iko ao haiko?

Ciné: Mvua gani?

Phare: Pale muzee anavua koti, anafunika mutoto mwenye kulala juu ya magunia. Pale.

Ciné: Ah, pale. Hapana, hakuna mvua. Ni jua tu. Mbingu ya bluu kama sahani ya plastiki.

Phare: Kwa ile ya zamani ilikuwa inanyesha.

Ciné: Phare, sha, mi hii filme niko nayo myaka mingi.

Phare: Na mi niliiona kwako Goma, na macho yangu, wakati yalikuwa bado yangu. Ilikuwa inanyesha.

Tabora: Mzee Narcisse, ruhusu nikusahihishe. Kaseti ya Ciné ilikuwa imechubuka. Ile unayoiita mvua ni mikwaruzo. Katika chumba hiki filamu zote zilikuwa zinanyesha. Hata ile ya vita vya jangwani. Ngamia wanatembea kwenye mchanga, na mvua inawashukia.

Hapo tulicheka sana, maana ni kweli. Ile ya jangwani kulikuwa kunanyesha mpaka unawaonea ngamia baridi. Douane alicheka akatikisa kichwa, nikakaribia kumkata sikio. Lakini Phare aliweka kikombe chini polepole, akitafuta ardhi kwa kidole kwanza, na kahawa yote bado imo. Saidati akaona. Saidati huwa anaona.

Saidati: Papa Ineza, kuna nini? Hii si habari ya katuni.

Phare: Ni ya katuni tu.

Saidati: Nimekujua siku nyingi. Sema.

Nikazima mashine yangu ya kunyolea, maana ina kelele, na mtu wa aina ile akianza kusema usimwanzishie kelele.

Phare: Ineza aliiona Jumamosi. Sasa hii filme mi ndiye nilimusimulia, hata hakuwa anaijua. Kila mara nasema, mwanangu, muzee alifunika mutoto na koti kwa mvua, kama mi nilikufunika we siku ile tulitoka Masisi. Mvua ilikuwa mingi, lori haina kioo kwa mulango, mama yako ananiambia, Narcisse, vua koti. Na mama yako amevaa kitenge ya njano, iko na ndege ya bluu. Namusimulia vile. Alikuwa mudogo, hakumbuki kitu. Mama yake alikufa hata hajajua kusema mama vizuri. Donc hana kitu ingine. Iko na mi tu.

Saidati: Ehe.

Phare: Jumamosi anarudi, ananiambia, papa, hakuna mvua. Mi namuambia iko, angalia vizuri. Anarudia tena Jumapili. Anakuja, ananiambia, papa, umechanganya. Ile ya koti si ya kwetu, ni ya katuni. Kiisha ananiuliza. Hakuniuliza na hasira, aliniuliza pole pole tu. Ananiambia, papa, na kile kitenge cha mama, ulikiona kwa katuni gani?

Mimi nina watoto wanne, wananitukana kila siku kwa macho tu, lakini neno kama lile sijawahi kuambiwa.

Phare: Toka siku ile haniulizi tena habari ya mama yake. Na mi usiku najiuliza. Kama mvua haikuwa, na ile kitenge? Labda haikuwa ya njano. Mutu mwenye kuona akisahau, anaenda anaangalia. Mi nitaenda kuangalia wapi?

Basi pale kijiweni tukafanya tunachokijua. Wengine wakiona jirani ana huzuni wanaleta unga. Sisi tunaleta maneno. Kila mmoja alitaka kumrudishia Phare mvua yake, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi, tukatumia akili, na akili za kijiweni huwa hazina breki.

Douane: Mi nitakuambia mvua ilienda wapi. Ilibaki mupakani. Kila kitu ikipita mupaka, inapunguka. Mutu anatoka na magunia kumi ya maharage, anafika na nane. Leo filme imepita mipaka mingapi kutoka Bruxelles? Ni lazima kitu ipunguke.

Ciné: Yaani batu ba douane bakakamata mvua?

Douane: Bakakamata kitu nyepesi. Punda ni muzito.

Mimi: Kaa sawa basi, Jado, nitakuacha hivi hivi.

Douane: Ngoja kidogo. Ao sikia hii. Bazungu kwabo kunanyesha kila siku. Mutu amechoka na mvua, anaenda dukani kununua kaseti, akute tena mvua? Bafanyabiashara bakasema, toa mvua, tia jua, itauzika. Mi nikiwa mufanyabiashara ningefanya vile.

Saidati: Hiyo angalau inaeleweka.

Ciné: Mi naona ni volcan. Ile jivu ya Nyiragongo ilikuwa inaingia kwa kaseti zangu zote kule Goma. Sasa bakisafisha jivu, mvua nayo ikafuata, kwa vile vilikuwa vimeshikana.

Tabora: Ciné, wao hawakusafisha kaseti yako. Walisafisha filamu, huko Ulaya. Kaseti yako hawaijui.

Ciné: Kwani jivu haifiki Ulaya? Ndege zinafika.

Mimi pia nilitia langu, siwezi kujificha. Nilisema labda hawakusafisha kitu, wamechora upya yote, kwa sababu yule mzee wa mkokoteni alikuwa amezeeka mno, na huyu wa koti jekundu ni mdogo wake. Ukimtazama vizuri pale kwenye boksi hata nywele zake ni nyingi zaidi. Mambo ya nywele mimi ndiyo kazi yangu. Douane alikubali sana. Tabora akashika kichwa.

Tabora: Jamani. Kama mnataka nadharia, basi mpeni nadharia yenye elimu. Komini tumeletewa waraka kwamba mwaka wa elfu mbili kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa. Hizo ndizo zimesafisha filamu hii. Zimekwisha kuanza kuchanganyikiwa. Leo zimekula mvua. Mwakani zitakula punda.

Kwa mtu wa pasi na kola ilikuwa nzuri, nikamheshimu. Hata Phare alitabasamu. Lakini lilikuwa tabasamu la adabu, la mtu aliyeletewa chakula akiwa hana njaa, na sote tuliliona.

Phare: Munanipenda, nimesikia. Ariko Ineza atauliza, nani aliona? Ciné, unitafutie ile kaseti ya zamani. Tumuonyeshe. Akiona mvua na macho yake, inaisha.

Ciné akaanza kutazama viatu vyake. Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo, maana Ciné ana maneno hata akilala.

Ciné: Ile kaseti iko.

Phare: Basi lete.

Ciné: Iko kwa Douane.

Douane: Kwangu? Mi sina kaseti ya punda. Kwangu iko kaseti moja tu, ya harusi yangu.

Douane akageuka kunitazama mimi kwenye kioo, na nusu ya nywele zake, kana kwamba mimi ndiye nitakayempa jibu.

Ciné: Wakati wa harusi yako, mupaka ilikuwa imefungwa. Kaseti mupya hakuna mujini. Na we ulikuwa unanisumbua, Ciné rekodi, Ciné rekodi. Nikachukua ile yenye kuchoka sana, nikafunga na plasta katundu kake kenye kukataza kurekodi, nikarekodi.

Douane: Yaani harusi yangu iko juu ya punda?

Saidati: Lakini harusi ina mwisho. Ikiisha harusi si katuni inabaki nyuma yake?

Ni wazo tulilonalo sote, maana kila kaseti ya harusi mjini kwetu ina mkia wa kitu kingine: mpira, hotuba, filamu ya ngumi. Unaangalia maharusi wanakata keki, chwa, unakutana na kipa anadaka. Phare aliinua uso.

Douane: Haibaki. Muliona harusi yangu. Bazee ba mahari ba upande wetu na ba upande wabo babishana juu ya ng'ombe moja yenye hakuna mutu ameiona. Babishana mpaka kaseti ikaisha bado hata bibi harusi hajatolewa nje. Mi mwenyewe kwa harusi yangu sionekani.

Siku nyingine tungecheka hadi tulale chini. Phare aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeambiwa na daktari jambo alilokuwa analitegemea, akaanza kutafuta fimbo yake ingawa ilikuwa mkononi.

Ndipo Ineza akaja. Kila alasiri huja kumchukua baba yake, anashika ncha ya fimbo na baba anashika upande wa pili, wanakwenda hivyo mpaka nyumbani. Ni mtoto wa miaka minane, mwembamba, mwenye kutazama. Akatusalimia wote kwa zamu, mama Saidati kwa mikono miwili, akasimama.

Ineza: Papa, twende.

Douane: Ineza, mutoto yetu, kaa kidogo. Hii habari ya mvua, sisi bakubwa tumeichunguza.

Kisha, aibu juu ya aibu, tukamwambia yote. Mpaka, wazungu waliochoka, jivu la volkano, mdogo wake yule mzee, kompyuta. Sote kwa pamoja, mmoja akimkata mwingine. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka wala kupinga, na nadhani hicho ndicho kilichotuaibisha zaidi. Tulipomaliza akamgeukia Ciné.

Ineza: Papa Ciné, nikuulize?

Ciné: Uliza, mama.

Ineza: Wewe ukinyamaza, bale ba ndani ya katuni banasema nini?

Ciné akamtazama Tabora, naye Tabora akamtazama Saidati, na Saidati akaanza kupuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

Ni kwamba hakuna aliyejua. Hata mmoja. Ciné tangu Goma sauti ya televisheni aliifungia chini kabisa, ili sauti yake ipite. Kifungo cha sauti alikuwa amekwisha kuking'oa, watoto wasikichezee. Katuni ile tumeiona miaka na miaka, tunajua punda anasema nini, na kumbe maneno ya punda ni ya Ciné. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia.

Ciné: Mi sijui, mama. Sijawahi kunyamaza.

Ineza: Leo nyamaza.

Alisema kwa adabu kabisa. Ciné akaniomba koleo langu dogo, ninalokazia skrubu za mashine, akaingia ndani. Tukamfuata. Phare akaingia wa mwisho, mtoto akimwongoza, tukawakalisha mbele. Douane alisimama mlangoni na shuka langu la kunyolea shingoni. Ciné akaitia kaseti, akaipeleka mbele mpaka karibu na daraja, akakamata kile kichuma kilichobaki mahali pa kifungo, akakizungusha kwa koleo.

Kwanza kwato za punda. Tukashtuka, maana zilikuwa za kweli, ko, ko, ko, juu ya mawe. Halafu gurudumu lenye kulia. Halafu muziki, wa mbali, wa filimbi moja. Kwenye picha ilikuwa mchana mweupe, mbingu ya bluu kama Ciné alivyosema, barabara kavu, punda mweupe. Mkokoteni ukafika darajani.

Na mvua ikaanza kunyesha.

Ilinyesha kwa sauti. Mwanzo matone, kwenye mbao za daraja, unayasikia moja moja. Halafu ikashuka yote, kwenye majani, kwenye mto, kwenye magunia. Chumba kile kina paa la bati, na mimi nilitazama juu kabisa. Tabora naye alitazama juu, nikamwona. Kwenye televisheni jua linawaka, hakuna tone, na yule mzee wa koti jekundu anasimamisha punda, anavua koti, anamfunika mtoto, anabaki na shati, anainamisha kichwa na kufumba jicho moja kama mtu anayepigwa na maji usoni. Jumamosi watoto walifikiri anasinzia.

Ciné alikuwa bado ameshikilia kile kichuma kwa koleo.

Saidati: Walikuwa wamechora mvua kwa vistari vyembamba. Aliyesafisha akafikiri ni uchafu.

Hata Tabora alisema tu, kwa sauti ndogo, basi inanyesha.

Phare hakusema nilijua. Mimi ningesema, tena ningerudia hadi kesho. Yeye alikaa tu ameelekeza sikio, na machozi yalimtoka yakateremka bila kufutwa. Alichosema ni hiki:

Phare: Koti ni rangi gani, Ineza?

Ineza: Rouge, papa.

Phare: Mi nilikuwa najua ni ya majani makavu.

Ineza: Mama Saidati pia anasema vile.

Phare: Basi hiyo sijui.

Ineza alitazama picha tena. Jua, mbingu, barabara kavu. Halafu akafumba macho yake, akayakaza kabisa mpaka pua ikakunjamana, akakaa hivyo mvua ikinyesha. Nilimtazama kwa muda mrefu. Hakuyafumbua mpaka mkokoteni ulipovuka na sauti ikapungua, na Ciné akazima bila kuambiwa.

Tulitoka nje kwenye vumbi. Saidati akainamisha birika, hakukuwa na kitu, kahawa ilikuwa imekwisha bila sisi kujua aliyeinywa. Nikamkalisha Douane nimalizie nusu yake. Ineza akashika ncha ya fimbo, lakini hakuondoka mara moja.

Ineza: Papa, kitenge cha mama.

Phare: Ya njano. Na ndege ya bluu.

Alisema huku sauti inasitasita, kama mtu anayeweka mguu kwenye ngazi asiyoijua. Akasubiri. Sisi wabishi wa mji mzima, tunaobishana hata na saa ya msikiti, hakuna aliyebisha.

Ineza akavuta fimbo kidogo, baba akainuka.

Ineza: Haya, anza tena. Anza pale kwa mvua.